Jina la Mwenyewe

Mimi ni mwana wa Nyakabere, na kule kwetu mu bonde la Ruzizi muntu akiitwa Basile tunamuita Basile. Mbuzi ikila mihogo yako, unasimama ku mupaka wa shamba unamutaja mwenye mbuzi kwa jina, na la baba yake juu, kwa sauti ya kufika mpaka ngambo ya mutaro. Vile ndivyo nililelewa. Sasa nani alinituma kuolewa na watu wa Bijombo, kule juu ku milima? Ni mapendo, ndugu zangu. Mapendo hayaulizaki desturi.

Juma ya kwanza ya ndoa, mama ya bwana yangu, Mama Nyirabahizi, aliniita mu jiko akafunga mulango. Wao mama ya bwana wanamuitaka mabukwe, baba ya bwana databukwe, na bibi ya mutoto wao mukazana. Akaniambia pole pole, sawa muntu anayetoa habari ya kifo:

"Mukazana wangu, tangu leo jina la databukwe wako lisitoke mu kinywa chako. Hata siku moja. Hata mu ndoto."

"Na kama nyumba inaungua na yeye iko ndani?"

"Utapiga kelele ya moto. Yeye hautamutaja."

Ile desturi inaitwa gutsinda. Bibi hataji jina la baba ya bwana yake, ni heshima, na ukilitaja umemuvua nguo mbele ya watu. Tena haiishii pale! Kuko kitu kimoja cha mu jiko, sitakisema, jina lake linafanana kidogo na la muzee. Nacho nikakatazwa kukitaja. Mwaka muzima mimi naomba kile kitu ku soko kwa kuonyesha na kidole, wauzaji wakadhani niko bubu. Mimi Félicité! Bubu!

"Sasa Mama, nitamuita nani?"

"Sisi tunasemaka Mwenyewe."

Basi ikawa Mwenyewe. Mwenyewe amekula? Mwenyewe amelala? Mupishe Mwenyewe apite. Nyumba nzima ilisema vile, na mimi nikazoea, juu muntu anazoea hata kiatu kinachobana.

Lakini kulikuwa jambo lingine. Mwenyewe hakuwa ananiona. Tangu kabla ya ndoa yetu macho yake yote mbili yalikuwa yamefunikwa na ile ukungu nyeupe waganga wanaita cataracte. Tulikaa nyumba moja hapa Uvira, mu Mulongwe, bila yeye kujua sura yangu. Alinijua kwa sauti, na kwa harufu ya ndagala, wale samaki wadogo ninaouza ku soko. Watu wa ngombe, samaki na wao ni mbali mbali. "Mama Ihirwe amefika," alisemaka, na mimi niko bado ku njia. Ihirwe ni binti yetu, mimi na bwana yangu Thierry. Kwa kusikia ile sauti yangu, muzee alifikiri niko murefu sawa muti ya mukaratusi. Aliuliza wageni: "Ule mwanamuke anainamaka sana akiingia mu mulango?" Wageni walikohoa wakaomba maji.

Mimi ni mufupi. Ku soko nasimama juu ya casier, lile kasha la bia, ndipo wateja wanione.

Jioni moja nilimukuta ameketi na Ihirwe ku magoti, anapapasa uso wa mutoto na vidole: kipaji, pua, masikio, pole pole, kiisha anarudilia tena toka ku kipaji. Mutoto anacheka, yeye hacheki. Nilirudi inje nikalia, na nilipomaliza kulia nikafukuza kuku ya jirani bila sababu, juu mimi nikihuzunika nakasirikaka. Nikasema mu roho yangu, huyu muzee ataona huyu mutoto, hata kama ni mimi nitamupasua macho na kisu cha ndagala.

Mungu hakupenda nitumie kile kisu. Ku kanisa walitangaza kama waganga wa macho watakuja kutoka inchi za mbali, watakaa juma moja mu hospitali moja ya hapa mujini, watapasua watu bure, kiisha warudi kwao, na hakuna aliyejua kama watakuja tena. Ila wanasema Kingereza tu, na wa kutafsiri ni wachache. Kila mugonjwa aje na muntu wake wa kumusemea.

Tulikaa kikao cha famille. Thierry iko na ngombe kule Bijombo, anashuka mara moja moja. Mabukwe alisema Kifaransa chenyewe kilimushinda. Kiisha wakanigeukia wote.

"Mama Ihirwe ndiye iko na kinywa," Mwenyewe akasema.

Ndivyo niliingia ku masomo ya Kingereza, na kinywa changu, na mutoto wangu ku mugongo.

Mwalimu wetu alikuwa Antoine. Antoine aliwahi kuishi Nairobi, na hakuacha muntu asahau. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ingekata sabuni. Alitufundishia mu salle ya mikutano ya kanisa, na siku ya kwanza akaanza na yale maneno madogo yanayosimama pahali pa jina la muntu.

Mimi nawaambia, Kingereza ni luga ya watu wenye mashaka. Sisi tunasema "yeye", tunaendelea na safari. Wao hapana. Wanataka kwanza kujua: ni yeye mwanaume ao yeye mwanamuke? Mwanaume ni he, mwanamuke ni she. Nikasema bwana yangu "she", nikasema mabukwe "he", darasa likacheka mpaka Antoine akapiga meza. Na ngombe je? Ngombe, akasema, ni it, sawa vile jiwe, sawa vile kiti.

Nilisimama. "Mwalimu, mu Bijombo ukiita ngombe kiti, hautakunywa maziwa mpaka ufe."

"Hatuko Bijombo, madame. Kaa chini."

Nikakaa. Siku ingine nikajitambulisha: "Myself I am Félicité." Antoine akashika kichwa. Ile myself, akasema, ni mutumishi, anatembeaka nyuma ya bwana yake, usimutangulize mbele. Yourself vilevile, himself vilevile.

"Hii himself ni nini?"

"Ni yeye mwenyewe. Mwanaume."

Nilipiga mikono. Kumbe na Wangereza wanalo! Toka pale Kingereza kilianza kunipendeza. Antoine aliponiambia nieleze habari za nyumbani, nilisimama nikasema na kifua chote: "Himself is sick. Himself does not see."

"Himself nani?"

"Himself!"

"Madame, hauwezi kuanza na yeye. Taja kwanza jina la muntu, kiisha ndipo useme he, ndipo useme himself. Bila jina ni kofia bila kichwa."

"Jina siwezi kulitaja."

"Juu ya nini?"

"Heshima."

"Kingereza hakina heshima ya vile."

"Basi, Mwalimu, ile ni kosa la Kingereza. Usinitupie mimi."

Akanifukuza inje. Kesho yake nilirudi, juu macho ya muzee hayakuwa na siku za kupoteza kwa hasira yangu. Lakini na Antoine tuligombana vile mpaka mwisho. Yeye anasema taja, mimi nasema sitaji.

Ku nyumba nilirudilia masomo kila jioni, nachagua maharagi na kuimba: I myself, you yourself, he himself. Mwenyewe iko ku kiti yake, fimbo mu magoti, anasikiliza. Siku moja nikakosea.

"Mama Ihirwe," akasema, "ile ya mwanaume jana uliiimba vingine."

"Muzee, umeanza kujua Kingereza?"

"Minye? Hapana. Hii luga inafaa muntu mwenye kiazi cha moto mu kinywa." Akafikiri. "Ile himself, ndiyo minye?"

"Ndiyo, Muzee. Ni weye."

Akakaa vizuri ku kiti yake. Niliona imemupendeza.

Siku yetu ku hospitali ilikuja, na ilikuwa siku ya mwisho ya wale waganga kupasua watu. Mustari ulitoka ku mulango mpaka ku barabara. Tulikuwa watatu, Mwenyewe, mabukwe na mimi, na Ihirwe ku mugongo. Walipoita namba yetu, mabukwe alibaki inje ku benchi, mimi nikaingia na muzee mu chumba kidogo karibu na kile cha kupasulia. Ndani kulikuwa dokta mwanamuke, mweupe, mwembamba, macho yamechoka lakini ya wema. Pembeni yake infirmière, muuguzi wetu wa hapa, Délice, mwenye kuchapa Kifaransa, Kingereza kidogo tu.

Nikaanza kazi. Nikamweleza dokta habari yote, na kwa uoga he na she zikachanganyika mu kichwa. Nikasema ni baba ya bwana yangu, she is old, she does not see her cows. Dokta akaangalia nyuma yetu, anatafuta ule mwanamuke muzee. Mwisho akaelewa, akacheka kidogo, akaangalia macho ya Mwenyewe na taa ndogo, akasema yanaweza kupona, leo atapasua moja. Nilitaka kuruka. Kiisha akaniuliza:

"What is his name?"

Nikasema: "Himself."

"Yes. His name?"

"He. Himself." Nikamuonyesha na mikono miwili, sawa muntu anayeonyesha mulima.

Délice akanivuta kando. "Mama, taja jina lote. Ni sheria ya dokta. Juzi muzee mumoja aliitika jina la mwengine, juu alichoka kungoja, kidogo wamupasue jicho lake zuri. Tangu pale, mugonjwa mwenyewe ataje, ao muntu wa famille. Bila vile, hakuna kisu."

"Si fiche, ile karatasi yake Thierry aliandikisha, iko mu mukono yako? Lisome weye!"

"Minye siko famille."

Nikamugeukia muzee. "Mwenyewe, nakuomba. Wanataka ujitaje."

Akainua kichwa. "Muntu anayejitaja jina ni muntu asiyejulikana. Minye najulikana toka Bijombo mpaka Mulenge. Baulize."

"Muzee, hawatoki Mulenge! Wametoka ngambo ya bahari!"

"Basi ni kosa lao."

Aliniibia neno langu, yule muzee! Nikajaribu njia ingine. Nikamwambia dokta huyu ni babu ya Ihirwe, ni baba ya Thierry, ni bwana ya ule mama wa inje. Dokta akanisikiliza na uvumilivu, akasema pole, hayo yote si jina. Nikatoka mbio.

"Mama, njoo utaje jina la Mwenyewe, bila vile hawamupasue!"

Mabukwe aliniangalia sawa nimemwambia avue kitenge ku barabara. "Minye? Tangu nilipoolewa sijalitaja. Nianze leo, mbele ya Wazungu?"

"Sasa weye miaka yote hii unamuitaka namna gani?"

"Nakohoaka."

Jamani! Nikapiga simu kwa Thierry. Mutoto anaweza kutaja jina la baba yake, haina neno. Simu ikanijibu na Kifaransa kizuri kama mwenye namba hapatikane. Pale juu Bijombo réseau inakuja ikipenda. Nikapiga tena, nikapiga tena, mpaka unite za simu zikaisha.

Niliporudi ndani dokta aliangalia saa ya ku mukono, akasema neno kwa Délice.

"Anasema mupishe mwengine," Délice akaniambia, na yeye uso umemuanguka. "Inje kuko watu wengi, na kesho wanafunga vitu vyao."

Mwenyewe alielewa bila kutafsiriwa. Akasimama. "Twende ku nyumba, Mama Ihirwe. Nimekuwa gizani siku mingi, nimezoea." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akanyosha mukono atafute ukuta, lakini ukuta haukuwa pale alidhani. Mukono ukabaki mu hewa, vidole vinatafuta, vinatafuta, na Ihirwe ku mugongo yangu akacheka, akidhani babu anamutafuta yeye.

Pale ndipo nilisahau gutsinda, nilisahau heshima, nilisahau Kingereza. Nyakabere yote ilipanda mu kifua changu. Nikafungua kinywa nikataja jina lake. Nikataja lote, na la baba yake juu, kwa ile sauti ya kufika mpaka ngambo ya mutaro.

Hapa sitalirudilia. Mukilitaka, muende muulize ku hospitali. Walilisikia mpaka kule wanazalia, ku maternité.

Inje nikasikia benchi limeanguka, ni mabukwe amesimama. Délice alikuwa ameshika fiche ku kifua. Dokta peke yake ndiye alifurahi, akasema thank you, akaandika. Mwenyewe alisimama palepale, mukono bado mu hewa, uso wake kama mulango uliofungwa. Kiisha akashusha mukono.

"Sasa bakate," akasema.

Hakuniambia neno lingine. Walimuingiza, wakamupasua, wakamutoa na jicho limefunikwa na kitambaa cheupe, wakasema atalala pale, kesho asubui watafungua. Nikamuletea uji, akanywa, akarudisha kikombe bila kusema. Mabukwe yeye alisema, na ingekuwa heri anyamaze.

"Zamani, mukazana aliyetaja jina alirudi kwao na miguu yake."

"Nyakabere haiko mbali, Mama. Kuko taxi."

Nilisema vile juu ya kiburi. Nilipofika ku nyumba nikakunja vitenge vyangu juu ya kitanda, nikavikunjua, nikavikunja tena. Niliogopa. Naomba musinicheke. Ile nyumba nilikuwa nimeipenda, na muzee wake anayeuliza wageni kama nainama ku mulango. Nikawaza: ataona kila kitu sasa, na kitu cha kwanza hatataka kuona ni mimi.

Asubui nilioga mara mbili, ndagala isitangulie mbele yangu. Tukaenda. Dokta alikuja, akamuketisha Mwenyewe ku mwangaza wa dirisha, akafungua kile kitambaa. Muzee akapepesa jicho, machozi yakashuka. Dokta akainua vidole viwili, muzee akainua vyake viwili. Mabukwe akaanza kuomba, pole pole, mu luga yao.

Nikamushusha Ihirwe. Akamukimbilia babu, na yule muzee akamushika uso mu mikono miwili, safari hii vidole havikutembea. Akaangalia tu. Akaangalia mpaka mutoto akachoka.

"Pua ni ileile," akasema.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya Délice, na mimi kujificha si kazi ngumu. Lakini dokta alitaka kujua kama jicho linaona mbali. Akanisogeza mbele, akanionyesha na kidole, akamuuliza muzee:

"Who is she?"

Ilikuwa kazi yangu kutafsiri. Nikafungua kinywa, hakuna kitu kilitoka. Sasa ndiyo niko bubu kweli. Mwenyewe aliniangalia toka kichwa mpaka viatu, na safari haikuwa ndefu.

"Hapana," akasema. "Ile sauti yote inatokaka mu hii kitu kidogo?"

Délice akacheka, akaziba kinywa. Mabukwe hakucheka. Dokta akarudilia ulizo lake, pole pole: who is she? Na hapo niliona muzee ameelewa. Jioni zote zile alikuwa amesikiliza. Alijua anaulizwa nini, na mimi nilijua majibu ambayo angeweza kutoa. Angeweza kusema huyu ni bibi ya mutoto wangu Thierry. Angeweza kusema huyu ndiye alinivua nguo jana.

Mwenyewe akashika fimbo, akasimama. Hakutafuta ukuta. Akanitazama mu macho, databukwe wangu, na akasema na Kingereza, kwa sauti ya watu wa mulima:

"Himself."

Dokta akatabasamu, akamusahihisha: kwa mwanamuke ni herself. Muzee akatikisa kichwa, sawa muntu anayeambiwa bei mbaya ya ngombe.

"Himself," akarudilia, na akanielekeza fimbo.

Nililia pale, na hakukuwa kuku ya kufukuza. Mabukwe akaja akanipangusa uso na kitenge chake, kwa nguvu kidogo, bado alikuwa na hasira yake. Akaniambia twende kupika, Mwenyewe atasikia njaa.

Nilipomueleza Mwalimu Antoine, aliweka chaki chini. Akasema ni makosa mawili mu neno moja: kwanza mimi ni mwanamuke, pili ule mutumishi amesimama peke yake bila bwana. Nikamwambia aende Mulongwe akamusahihishe muzee, hata amuite kwa jina, yeye hakukatazwa. Hajaenda mpaka leo.

Na mimi lile jina sijalitaja tena. Kile kitu cha mu jiko bado nakiomba na kidole. Ila ukifika kwetu sasa, ukipiga hodi na kuuliza kama Mwenyewe iko, ungoje kidogo ku mulango: tunaitikaka watu wawili.